Alama Ishirini za Gaudiose

Mukunde hajawahi kuchinja hata kuku. Kule Karagwe alikokulia, wazazi wake wakiwa wakimbizi, siku ya sikukuu alikuwa anakwenda kujificha nyuma ya choo, anaziba masikio mpaka kelele ziishe, halafu anarudi mezani kula paja kama wengine. Nalitaja hili mapema ili mtu asije akadhani namsimulia shetani. Ni mama wa watu, ana binti mmoja, Gwiza; mwenyewe anaimba kwaya kanisani, na kazi yake ni kuandika ripoti.

Ripoti zenyewe ni za kituo cha utafiti wa magonjwa ya moyo. Kituo kimepanga jumba la ghorofa Nyarutarama, mtaa wa wenye nazo hapa Kigali, ambako walinzi ni wengi kuliko wapita njia. Ofisi ya Mukunde iko juu, ngazi ishirini na sita kutoka mlangoni. Kila kitu pale, kuanzia dawa mpaka sabuni ya choo, hutoka kwa mfadhili wa ng'ambo, na mfadhili huyo hataki mengi: kila mwaka, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, apate ripoti ya maendeleo. Ripoti ni jedwali. Kila mstari una lengo lililoahidiwa na hali iliyofikiwa. Ukifikia lengo, kisanduku kinajigeuza kijani. Ukilikosa kinakuwa chekundu, na vyekundu vikifika vitatu, mwaka unaofuata hakuna Kituo, hakuna dawa, wala hakuna Mukunde.

Wagonjwa walioandikishwa walikuwa mia mbili na kumi, wote wamewekewa kilango cha chuma moyoni. Mtu mwenye kilango hicho haachi vidonge maisha yake yote, kwa sababu damu ikikutana na chuma hutaka kuganda, na kipande kikiganda kikapanda kichwani, umekwisha. Tena si kumeza tu. Kila mwezi lazima atobolewe kidole, damu ipimwe, dozi ipunguzwe au iongezwe. Kituo kilitoa vyote bure, vidonge na kipimo, kwa kila mwenye jina daftarini. Ukitoka daftarini unakwenda zahanati ya mtaani kwenu kama wananchi wenzako, na huko mnajua wenyewe, leo dawa ipo, kesho haipo.

Mmoja wa hao mia mbili na kumi alikuwa Gaudiose, fundi cherehani wa Biryogo, mwanamke wa miaka arobaini na ushei. Alikulia Buyenzi, kule Bujumbura, akahamia Kigali na mama yake. Chumba chake cha kushonea kilikuwa kichochoroni nyuma ya msikiti, cherehani mbili, yeye peke yake Mkatoliki katikati ya mafundi Waislamu, na mwezi wa Ramadhani alikuwa akifunga nusu siku kwa kuwaonea haya majirani. Mukunde alimpendea Kiswahili kwanza. Mtu wa Karagwe akikaa Kigali huikosa lugha yake mdomoni, na kwa Gaudiose aliipata, imechanganyika Kirundi na Kifaransa, lakini ilimtosha. Nguo zake zote zilishonwa pale. Na ni yeye Mukunde, miaka minne iliyopita, aliyemwona dada wa watu anahema kwa kukanyaga pedeli tu, akamshika mkono akampeleka Kituo. Wakampima, wakamwandikisha, madaktari wageni walipokuja wakampasua, akarudi kwenye cherehani yake. Hilo tusimnyime. Alimwokoa.

Sasa kuna jambo la huku ambalo mfadhili halijui, na hata ukimweleza hataelewa. Kigali mtu haulizwi hali akajibu ugonjwa. Unaulizwa, unasema nzuri, unashukuru, unauliza za wenzako. Anayelia mbele ya mgeni amemkosea mgeni, na anayemlilia mtu aliyempa dawa za bure, huyo hana adabu kabisa. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wamesema kweli, ila hawakulelewa huku. Huku mtu anakwenda na maradhi yake kimya mpaka kaburini, na msibani watu wanamsifu kwamba hakuwahi kusumbua.

Na Kituo, kwa akili zake, kilikuwa kikipima afya ya watu hawa kwa kuwauliza hali zao kwa simu. Kila mwezi bwana mmoja anaitwa Évode, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzuri, alikuwa anampigia kila mgonjwa na kumsomea maswali matano. Unapanda kilima au ngazi bila kusimama? Unalala bila kuamka ukitafuta pumzi? Unamaliza siku bila miguu kuvimba? Unafanya kazi zako mwenyewe? Umeridhika na hali yako? Kila jibu zuri alama nne, jumla ishirini. Gaudiose alipata ishirini mwezi wa kwanza, akapata ishirini mwezi wa pili, na hakushuka tena.

Mukunde aliziona alama hizo akacheka peke yake. Alikuwa amepanda naye kilima cha Nyakabanda, anakokaa Gaudiose na mama yake, mara nyingi, jioni za kwenda kuchukua nguo. Gaudiose alikuwa anasimama mara tatu. Kwa muuza makaa alisimama kumsalimia, na salamu zile hazikuisha upesi. Penye saluni alisimama kufunga kitambaa upya. Kwenye ngazi za mawe, karibu kabisa na kwao, alikuwa anasimama kumwonyesha Mukunde mji ulivyo mzuri kutokea pale. Aliuonyesha mji huo kila mara, miaka mitatu, na Mukunde kila mara aliutazama, maana mtu akificha jambo kwa heshima, na wewe unamsaidia kulificha. Hata siku moja hakumwuliza. Na ofisini hakusema, kwa kuwa ishirini ilikuwa kijani.

Mwaka jana ukaja ugeni. Mfadhili alimtuma mtu wake, Rodney, mzee mpole mwenye viatu vya kupandia milima, aje aone kwa macho. Dakta Rwema, mkurugenzi wa Kituo, mtu aliyesomea Kampala na asiyepandisha sauti hata siku moja, alitaka mgonjwa mmoja wa kumwonyesha. Akamwomba Mukunde achague kwenye jedwali. Jina la kwanza lenye alama zote, linalojua na Kifaransa, lilikuwa lile.

Jioni yake Mukunde akapita Biryogo.

"Dada, kesho kuna mgeni," akamwambia. "Akikuuliza, usije ukamwambia unachoka. Atadhani dawa zake hazifanyi kazi."

Gaudiose alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa kwanza. "Mimi nimewahi kumwambia nani nachoka?"

Kesho yake alikuja amevaa gauni la bluu alilojishonea usiku kucha. Rodney alikuwa juu, chumba cha mikutano, na Dakta Rwema alisimama naye penye kichwa cha ngazi ili amwone mgonjwa akipanda. Gaudiose alizipanda zote ishirini na sita bila kusimama, mkono kwenye chuma cha pembeni, uso juu, anatabasamu. Mukunde naye alikuwa juu, akihesabu. Kwenye ngazi ya kumi na tisa aliona midomo ya mwenzake imebadilika rangi, imekuwa kama ya mtu aliyekula zambarau. Akajitia hamnazo, akafungua daftari lake na kuandika kitu ambacho baadaye hakukisoma.

Rodney alipiga makofi. Akamwuliza hali kwa Kifaransa cha shule, na Gaudiose akamjibu kwamba hali ni nzuri mno, na kwamba anawashukuru yeye na nchi yake nzima. Mzee wa watu machozi yakamlengalenga. Baadaye, Gaudiose alipokuwa chooni kule chini, amekaa humo nusu saa na Mukunde nje ya mlango ameshika mkoba wake, Rodney alimwuliza Dakta Rwema swali lisilo na ubaya wowote. Kama watu wako hivi, kwa nini bado tunawalea? Hawawezi kujitegemea?

"Nilitaka maji tu ya kunawa," Gaudiose alisema alipotoka.

Swali la Rodney halikuishia pale. Jedwali la mwaka uliofuata lilikuja na safu mpya, imeandikwa juu yake Waliohitimu. Mgonjwa atakayepata alama ishirini miezi kumi na miwili mfululizo, atahesabiwa amesimama kwa miguu yake. Atapewa barua ya kwenda zahanati ya kwao, jina lake litatoka daftarini. Lengo: wahitimu thelathini kufikia mwezi wa sita. Dakta Rwema alilipenda neno hilo. Alilitumia mpaka kwenye salamu.

Juni ilipofika Mukunde akapanga majina. Yalitoka thelathini barabara, halikuzidi wala kupungua hata moja, na Gaudiose alikuwa wa kwanza. Na jedwali lilikuwa na vyekundu viwili tayari: kipimo kimoja cha maabara kilikuwa kimechelewa, na mkutano mmoja haukufanyika.

Basi hapo ndipo mtu anapopimwa. Mukunde alikuwa na uwezo wa kuandika hoja. Ni kitu kidogo: unabonyeza kwenye alama, kinafunguka kidirisha, unaandika shaka yako, na alama hiyo inasimamishwa mpaka muuguzi aende kumpima mtu kwa macho yake. Akakifungua. Akaandika: Mshiriki huyu anasimama mara tatu akipanda kilima, apimwe upya. Halafu, badala ya kubonyeza tu yakaisha, akaenda kuomba ruhusa. Ndivyo alivyo. Hata kuku alikuwa anangoja mwingine amchinje.

Dakta Rwema alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwona wapi akisimama?"

"Njiani kwao, Nyakabanda. Mara tatu, Daktari. Kila siku ni mara tatu."

"Ulikuwa kazini?"

"Hapana. Nilikuwa nakwenda kuchukua gauni."

"Basi hujamwona," alisema, kwa upole kabisa. "Tulichonacho ni alama, na alama amezitoa mwenyewe, kwa mdomo wake. Wewe ni nani umwambie mtu mzima kwamba anajidanganya? Wahitimu wakiwa ishirini na tisa, vyekundu vinakuwa vitatu. Hao mia na themanini waliobaki watakula dawa za nani? Na hatumtupi, Mukunde. Anapewa barua. Zahanati kwao ipo au haipo?"

"Ipo."

"Haya."

Mukunde alirudi mezani akafuta ile hoja herufi moja moja, kuanzia mwisho. Alijiambia kwamba watu mia na themanini ni wengi kuliko mmoja, na hesabu hiyo haina kosa. Alijiambia pia kwamba atakuwa anamwangalia Gaudiose yeye binafsi. Funika kombe, mwanaharamu apite. Ripoti ilikwenda Ijumaa, saa sita mchana, na visanduku vilivyohitajika vyote vilikuwa kijani.

Wahitimu wakafanyiwa sherehe kwenye bustani ya Kituo, soda na keki, na vyeti vyenye muhuri. Kila mmoja alivishwa ukanda wa kitenge begani. Kanda hizo thelathini alizishona Gaudiose, wiki nzima, na hakutaka kuambiwa asante. Siku hiyo watu walivishwa vilemba vya ukoka mpaka wakaona aibu: mashujaa, mfano kwa taifa, watu waliosimama. Gaudiose alipokea cheti chake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Kisha akamvuta Mukunde pembeni.

"Na kile kidole, nani atakuwa ananitoboa?"

"Huko huko zahanati," Mukunde akasema. Hakuwa ameuliza.

"Sawa."

"Ukipata shida yoyote nipigie, dada. Hata usiku."

"Shida gani, mdogo wangu? Hakuna shida."

Mwezi wa nane Mukunde alimpigia yeye. Mnasema nini, alijitahidi. Akauliza kama dawa anapata. Gaudiose akasema hakuna shida, wamemwambia arudi Jumatatu. Zilikuwa sentensi mbili, na Mukunde, ambaye kazi yake yote ni kusoma majibu ya watu, alichukua ile ya kwanza akaiacha ya pili. Wakaongea kidogo habari za Gwiza na bei ya vitambaa. Akakata simu moyo mweupe.

Mwezi wa kumi alikwenda Biryogo na kitambaa cha harusi ya jirani, akakuta mlango umefungwa. Fundi wa chumba cha pili akamwambia Gaudiose alianguka kwenye cherehani wiki ya tatu sasa, mguu ukiwa bado kwenye pedeli. Mukunde akaupanda mlima wa Nyakabanda mbio, na hakusalimia mtu.

Mama yake Gaudiose, Bi Épiphanie, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akauliza hali yake, akauliza ya mtoto, akauliza ya kazini. Ndipo akamwingiza ndani. Gaudiose alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha. Kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu wa kulia umekufa, mdomo umekwenda upande. Ukutani juu yake kilitundikwa cheti, na ule ukanda wa kitenge umezungushwa kwenye fremu.

"Dada," Mukunde akasema.

"Sawa," Gaudiose akasema.

"Dada, ni mimi."

"Sawa. Sawa."

"Ndilo neno lililobaki," Bi Épiphanie akaeleza, kwa sauti ya kuomba radhi. "Mengine yote yameondoka. Ukimpa uji anasema hivyo. Akiumwa anasema hivyo, lakini mimi najua, natazama macho."

Kwa maswali kidogo kidogo, maana mama yule hakuwa mtu wa kulalamika, Mukunde alipata habari yote. Gaudiose alikwenda zahanati mara nne. Barua waliisoma, wakaisifu, wakasema dawa hazijafika. Kipimo cha kidole hawanacho, kiko hospitali kubwa, na huko alipewa tarehe ya mwezi wa kumi na mbili. Vidonge alivyobaki navyo akavikata nusu ili vifike mbali. Kisha akakata robo.

"Kwa nini hakunipigia, mama?"

Bi Épiphanie alimtazama kama anashangaa kuulizwa. "Alisema mlikwisha kumpa heshima mbele za watu. Mtu amehitimu, ataanzaje tena kuomba?"

Akaleta Fanta, akaifungua, akaifuta mdomo kwa kitambaa safi. Mukunde akainywa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, na mkono wa kushoto wa Gaudiose ukaja polepole, ukashika pindo la gauni lake, ukalipapasa kama mkono wa fundi unavyopapasa. Lilikuwa gauni alilolishona mwenyewe. Akafika penye uzi uliochomoza, akauvuta, akatikisa kichwa kwa kutoridhika. "Sawa," akasema, kwa ukali. Mukunde alilia hapo, na Bi Épiphanie akatazama pembeni kumstiri.

Kesho yake alimweleza Dakta Rwema kila kitu. Nasema kweli, Dakta alisikitika. Alitoa mfukoni mwake pesa za kununua mchele na sukari ya kumpelekea mama. Lakini kumrudisha mgonjwa daftarini kulikuwa na njia yake. Mwezi wa kumi na mbili wahitimu wote watapigiwa simu kwa maswali yale yale matano. Atakayeshuka chini ya alama kumi na tano anarudishwa siku hiyo hiyo, dawa bure, muuguzi wa kwenda nyumbani, mtu wa mazoezi ya viungo, vyote. Kisanduku kitakuwa chekundu, ndiyo, na vile viwili vya Juni vilikuwa bado pale vinamngoja mwenzao. Lakini ikiwa ndivyo alama zitakavyosema, tutafanyaje.

"Acha simu iseme," akamwambia.

Mukunde akapanda tena Nyakabanda. Akamshika Bi Épiphanie mikono. "Mama, Évode atapiga simu. Akipiga, semeni hali ilivyo. Msimwonee haya. Mkisema, Gaudiose anarudi kwetu, atapata dawa na muuguzi. Mmenielewa?"

"Tutasema, mwanangu," mama akaahidi. "Kama ndivyo mnavyotaka, tutasema."

Simu ilipigwa Jumanne, tarehe kumi mwezi wa kumi na mbili, saa nne asubuhi. Simu zote za Kituo hurekodiwa, na Mukunde aliisikiliza mchana huo huo, kwa vidude vya masikioni, mlango umefungwa. Ilikuwa ya dakika mbili na nusu.

Bi Épiphanie ndiye aliyepokea. Alimsalimia Évode kwa kirefu, akamshukuru kwa kuwakumbuka. Évode akaomba kuongea na Gaudiose mwenyewe. Hapo Mukunde akasikia mama akivuta pumzi.

"Amechoka kidogo," Bi Épiphanie akasema.

Mukunde alifunga macho. Mnajua maana yake, nyie mliolelewa huku. Mwanamke wa namna ile, kumwambia mgeni asiyemjua kwamba mtoto wake amechoka kidogo, ni sawa na mwingine kutoka nje akajitupa barabarani anapiga mayowe. Alikuwa amesema. Alikuwa amevua nguo hadharani kwa ajili ya mwanawe. Na Évode, ambaye naye amelelewa huku na masikio anayo, alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika amechoka kidogo, hakupaona.

"Pole, mama. Mwekee tu simu sikioni, fomu inamtaka mwenyewe. Ni maswali matano."

Akamwekea. Évode akasoma kwa ile sauti yake nzuri, bila haraka. Unapanda kilima au ngazi bila kusimama?

"Sawa."

Unalala bila kuamka ukitafuta pumzi?

"Sawa. Sawa."

Unamaliza siku bila miguu kuvimba? Unafanya kazi zako mwenyewe? Gaudiose alijibu yote. Kwenye la tano, alipoulizwa kama ameridhika na hali yake, neno lilitoka kwa nguvu, likarudiwa mara sita au saba, linapanda, kama mtu anayegonga mlango, na Évode akangoja kwa adabu mpaka likaisha.

"Asante sana, dada Gaudiose," akasema. "Tumefurahi."

Bi Épiphanie akairudisha simu sikioni mwake. "Mwambie Mukunde tumesema," aliomba.

"Nitamwambia, mama."

Na Évode ni mtu wa ahadi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshapita mlangoni kwa Mukunde, akachungulia. "Kuna mama wa Nyakabanda anasema nikwambie wamesema," akafikisha. "Bibi mwenye adabu sana yule." Akaenda zake.

Alama zilikuwa kwenye kompyuta tayari. Wahitimu thelathini, thelathini wazima, wa chini kabisa kumi na sita. Mukunde alibonyeza kwenye ishirini ya Gaudiose, kile kidirisha kikafunguka. Safari hii alikuwa kazini. Safari hii hakuna ambaye angemwuliza alimwona wapi, sauti ilikuwa imerekodiwa, mtu yeyote angeisikiliza angejua. Ilitakiwa sentensi moja.

Alikaa nayo mpaka chai yake ikapoa. Aliwafikiria wale mia na themanini, tena mmoja mmoja, maana majina yao alikuwa anayajua. Alimfikiria Gwiza, mkataba wake mwenyewe uliokuwa unaisha Januari, na barua ya mfadhili ya wiki iliyopita iliyosema kwamba mwaka ujao wahitimu wawe sitini. Akafikiria pia kwamba mkono uliokufa haufufuki kwa vidonge, na wazo hilo ndilo lililomfaa zaidi kuliko yote. Alilishika kwa furaha, na akajichukia kwa hiyo furaha, na hakuliachia. Akakifunga kidirisha. Kisanduku kikageuka kijani.

Rekodi za simu hufutwa baada ya siku thelathini. Hakuwa na haja ya kufanya lolote.

Saa kumi Dakta Rwema alipita akielekea nyumbani, koti mkononi. "Wahitimu vipi, Mukunde?"

"Wako sawa, Daktari," akasema.